Mizani Kabla ya Mwaka Kuisha

Kila Desemba narudi Busia, upande wa Uganda, na kila Januari naondoka. Nimeishi Malaba, Eldoret, Mwanza, Juba, na miji mingine ambayo sasa nakumbuka harufu ya stendi zake tu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaishia hapo, nikaingia ukarani kwa mawakala wa forodha, wale wanaojaza karatasi za malori mpakani. Katika kazi ile nilijifunza kwamba lori linaweza kuwa zima, dereva wake mzima na mzigo wake halali, na bado likalala barabarani wiki nzima kwa ajili ya muhuri mmoja uliokosekana.

Aliyebaki nyumbani ni dada yangu mkubwa. Mama alipofariki alimwachia mashine ya kusaga mahindi, iliyo nyuma ya soko, mahali ambapo ukisimama mlangoni unasikia wauza nyanya wakihesabu kwa Kisamia, wakibishana kwa Kiswahili, na kutukanana kwa lugha yoyote iliyo karibu. Mimi huko ugenini nilikuwa nikiikumbuka sauti ya mashine ile kuliko nilivyokumbuka watu. Nikilala nyumba ya wageni iliyo karibu na jenereta, naota niko kwa mama, miguu imejaa unga.

Mwaka huo sikupewa hata nafasi ya kupumzika. Dada alinipokea begi, akaliweka juu ya magunia, akasema, "Vizuri umefika. Wewe si ndiye mtu wa karatasi? Kaa hapo."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiuzia unga shule moja ya bweni ya Tororo, na shule hiyo ndiyo iliyokuwa ikiibeba mashine, kwa sababu watu wa mjini siku hizi wanapenda unga wa pakiti wa dukani. Sasa msimamizi wa stoo ya shule alikuwa amemwambia kwamba kuanzia mwaka mpya hawatanunua kwa mtu ambaye karatasi zake za serikali hazijakamilika. Azipeleke kabla ofisi hazijafungwa kwa Krismasi, ama wamtafute mwingine.

"Na wakimtafuta mwingine?" niliuliza.

"Nauza mashine. Nauza nyanya kama wengine." Hakusema kwa huzuni. Alikuwa akipangusa meza kwa kitambaa. "Lakini siuzi. Kwa hiyo anza."

Tukaanza. Leseni ya biashara ya baraza la mji ilikuwepo, imebandikwa ukutani, imepauka kwa vumbi lakini ya mwaka huo. Usajili wa jina la biashara ulikuwa bado na jina la mama. Hilo lilitupeleka ofisini mara kadhaa na cheti cha kifo, tukakalishwa kwenye benchi hadi tukawazoea walinzi. Ritani ya kodi ilikuwa haijapelekwa, nikaijaza. Wale wafanyakazi wake wawili hawakuwa na vyeti vya afya. Mmoja akaogopa sindano hata ikabidi dada aende naye, amshike mkono kama mtoto, na yule ni mwanamume mwenye wake wawili. Mkanda wa mashine ulikuwa wazi tangu enzi za mama, nikamleta mchomeleaji autengenezee kifuniko cha wavu. Mtungi wa kuzimia moto tulikuwa nao, ila ndani hamkuwa na kitu. Wafanyakazi walikuwa wakiutumia kuzuia mlango.

Kila jioni dada aliuliza, "Bado nini?" Nikimwambia bado hiki na hiki, anasema, "Kesho basi," anajifunga leso upya. Sijaona mtu anayeshindana na ofisi namna ile, bila kelele wala kubembeleza. Akiambiwa arudi kesho, kesho anakuwa wa kwanza mlangoni, na keshokutwa pia.

Mwishoni ikabaki mizani.

Ilikuwa mizani ya chuma ya jukwaa, yenye mkono mrefu na jiwe la kuteleza juu yake. Unaweka gunia kwenye jukwaa, unasukuma jiwe polepole mpaka mkono ukae sawa, kisha unasoma. Mama aliinunua ng'ambo, Busia ya Kenya. Sheria inataka mizani ya biashara ipimwe na wapimaji wa serikali kila mwaka na kupigwa muhuri. Dada akanionyesha fungu zima la risiti, zimefungwa kwa raba.

"Hiyo hatuna shida," alisema. "Fundi anakuja kila mwaka. Anaisafisha, anaipaka mafuta, anaandika."

Nikazisoma. Zilikuwa risiti za fundi wa ng'ambo, na muhuri wa duka lake.

"Dada, huyu ni fundi tu. Si serikali."

"Ana muhuri."

"Hata muuza soda ana muhuri. Na hata angekuwa serikali, angekuwa serikali ya Kenya."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji ya upande ule hayalowanishi. "Kilo ni kilo," akasema. "Mpaka unaifanya nini kilo?"

Wala hakuwa peke yake. Kwetu mtu ananunua sabuni upande huu na sukari upande ule, mtoto anasoma huku na bibi anatibiwa kule, na fundi mzuri ni fundi mzuri popote alipo. Nusu ya mizani za soko letu zilihudumiwa na yule yule mzee wa ng'ambo. Lakini karatasi iliyotakiwa haikuwepo, na wapimaji wa serikali walikuwa Tororo wiki hiyo kwa mara ya mwisho kabla ya sikukuu.

Tulikodi pikapu asubuhi. Dada alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akaikumbatia mizani kwa blanketi njia nzima, na tulipokaribia Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji ukiwa juu yetu na vumbi la saruji likiwa limetanda upande wa kiwandani, alikuwa mweupe nyusi kama aliyetoka kusaga.

Uwanjani walipokaa wapimaji sikutegemea nilichokiona. Wafanyabiashara wa wilaya nzima walikuwa wamekuja na mizani zao: wauza nyama, wanunuzi wa kahawa, wenye maduka, mzee mmoja aliyebeba mizani ndogo ya mezani kwenye kikapu kama kuku. Walikuwa wakitaniana kwa sauti.

"Ya huyu ipimwe mara mbili," alisema mmoja akimwonyesha muuza nyama. "Nyama yake tunaijua. Inapungua mpaka kufika nyumbani."

"Inapungua kwa sababu unaila mbichi njiani," muuza nyama akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Zamu yetu ilipofika, mpimaji, kijana mrefu mwenye koti la buluu, aliweka mawe yake ya chuma kwenye jukwaa, akasukuma jiwe, akasoma. Akaongeza mengine. Akasoma tena. Kisha akamtazama dada.

"Nyabo, mama yangu, unauza nini?"

"Unga."

"Basi mizani yako inakuibia wewe mwenyewe. Ukimuuzia mtu, unampa zaidi ya anacholipa."

Walio nyuma yetu wakaguna. Mmoja akauliza duka liko wapi ahamie. Mpimaji mwenyewe alitabasamu, lakini alikuwa tayari amelishika lile jiwe la kuteleza na kuligeuza. Chini yake, mahali pasipoonekana, palikuwa na kipande cha madini ya risasi kimegandishwa vizuri na kupakwa rangi ile ile ya chuma. Kazi ya mtu anayejua kazi. Kipande kile kililifanya jiwe kuwa zito kuliko lilivyotakiwa, kwa hiyo kila mzigo ukasomeka mdogo.

"Nani aliweka hiki?"

Dada akakigusa kwa kidole, akasema polepole, "Mama."

Ndipo nami nikakumbuka. Zamani, nikiwa bado nyumbani, kila aliyenunua unga kwa mama alidai nyongeza, ile konzi moja ya juu ambayo mnunuzi wa kwetu haondoki bila kupewa. Mama anapima, mtu anasema, "Ongeza kidogo," mama anaongeza, mtu wa pili anasema, "Yule umempa zaidi," na foleni inageuka baraza la malalamiko. Unga unamwagika, mama anapaliwa. Siku moja akawaambia wote, "Nyongeza yangu imo ndani ya mizani. Msiniombe tena." Sisi tulidhani anasema tu ili wanyamaze. Na kweli watu wakanyamaza, kwa sababu walipofika nyumbani na kupima kwa kopo lao, waliuona unga umezidi. Kumbe mama alimwambia fundi wa ng'ambo, na fundi akamtimizia.

Dada alimweleza mpimaji hayo. Alisikiliza vizuri, hakumkatiza.

"Mama yako alikuwa mtu wa huruma," alisema. "Lakini mizani inayompendelea mteja nayo ni mbovu. Siwezi kupiga muhuri. Nendeni kwa fundi pale chini ya turubai, aitoe hiyo risasi, mrudi."

Fundi aliitoa kwa tindo na nyundo. Tukarudi, mpimaji akapima, mkono ukakaa sawa kwa kila jiwe. Akapiga muhuri, akabandika stika, akatuandikia cheti. Nilikishika kile cheti na kuhisi raha ambayo nilikuwa sijaihisi tangu siku za malori: mzigo umeruhusiwa, lango limefunguka. Tukaenda moja kwa moja shuleni, msimamizi wa stoo akapitia karatasi zote, akasema, "Hizi ziko sawa. Muhula wa kwanza mtuletee unga kama kawaida."

Nilitaka tutafute chai na chapati tusherehekee. Dada alikuwa amesimama kando ya pikapu, kile kipande cha risasi kikiwa kiganjani mwake.

"Na mahindi tunayonunua?" aliuliza.

Sikumwelewa mara moja.

"Mama alisaga mahindi ya shambani kwetu na kuuza unga. Hakununua mahindi. Ni mimi nilianza kununua, kwa ajili ya shule. Nanunua kwa wale wanawake wakulima wa Bulumbi, napima kwa mizani hiyo hiyo. Ukiuza, inatoa zaidi. Ukinunua, je?"

Nikaelewa. Gunia la mkulima lilipowekwa pale, lilisomeka dogo kuliko lilivyokuwa. Huruma ya mama ilikuwa imegeuka, na wala dada hakujua. Msimu baada ya msimu, wanawake wale wa Bulumbi walikuwa wakitoa nyongeza ambayo watu wa mjini na shule ya Tororo waliila.

Njiani nilimwambia yale ambayo mtu wa karatasi husema siku zote. Mizani sasa ni halali. Cheti kipo. Hakuna ofisi itakayouliza mambo ya nyuma, na hakuna mkulima anayejua. Ukiwaambia watakukimbia, na bila mahindi yao huna unga wa kupeleka shuleni, na karatasi zote hizi tulizihangaikia bure. Kuanzia msimu ujao wapimie sawa, basi. Sheria haikudai zaidi ya hapo.

"Sheria hailimi Bulumbi," alisema kutoka nyuma ya pikapu, kupitia kidirisha kisicho na kioo. "Kesho tunakwenda."

"Tusubiri hata sikukuu zipite."

"Kesho. Wewe ukitaka kukaa, kaa. Kazi yako ya karatasi imekwisha, nashukuru."

Nilikwenda naye. Tuliwakuta kwenye kiwanja cha mkubwa wa kikundi chao, mwanamke mwenye mvi ambaye zamani aliongoza kwaya, na sauti yake haijapungua tangu hapo. Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai, wanawake sita au saba wameketi pembeni wakipukuchua yaliyobaki. Tulipewa viti. Dada hakukaa.

Alieleza kila kitu akiwa amesimama: mizani, mpimaji, nyongeza ya mama, kile kipande. Akakitoa, kikapita mkono hadi mkono. Mmoja akakirusha juu kidogo kupima uzito wake.

Hakuna aliyepiga kelele. Wakati ule ningependa wangepiga.

"Kwa hiyo mama yenu, Mungu amlaze pema," alisema mkubwa wao, "alikuwa anawapa zawadi watu wa mjini."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaendelea kutoa zawadi. Kwa mahindi yetu."

"Ndiyo. Sikujua, lakini ni mimi nilikuwa napima."

"Mimi nilisema," akadakia mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na mlango. "Si nilisema? Gunia langu nabeba hapa shingo inauma, kufika kwenu linakuwa jepesi. Mkaniambia ni uzee. Huyu hapa alinicheka."

"Nilikucheka kwa sababu una uzee kweli," jirani yake akasema, na wachache wakacheka, lakini si mkubwa wao.

"Na huyu?" akauliza akinielekezea kidole. "Huyu ndiye yule anayepotea? Yeye anasemaje?"

Nikasema nilikuwa nimemshauri dada anyamaze. Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu kila mtu pale alikuwa akisema kitu kama kilivyo.

"Heri yeye hakukusikia," alisema, akamgeukia dada. "Sasa unatakaje? Tukusamehe, twende kanisani?"

"Nataka mniletee mahindi, nipime sawa. Na mahindi ya kula nyumbani kwenu, nyote mliowahi kuniuzia, nitasaga bila malipo mpaka mavuno mengine. Ya nyuma sina namna ya kuyajua yote. Hii naweza."

Nilipiga hesabu kichwani, nikaona mafuta ya mashine, nikaona mishahara ya wale wafanyakazi wawili.

Wanawake wakaongea wao kwa wao kwa Kisamia, haraka, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeondoka nyumbani muda mwingi kiasi kwamba maneno mengine yalinipita. Mara mbili nilisikia jina la mnunuzi wa mahindi wa Malaba, yule anayekuja na lori mpaka shambani. Dada aliendelea kusimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi ofisini kwa mwalimu mkuu, ila kidevu kiko juu.

"Tutafikiri," alisema mkubwa wao hatimaye. "Nenda nyumbani. Ukituona, umetuona."

Krismasi ilipita. Nilikuwa na kazi iliyokuwa ikiningojea Eldoret, na kila siku nilimwambia mwenye kazi kwamba nitafika kesho. Dada aliosha mashine, akapaka mlango rangi, akawaita wafanyakazi warudi kana kwamba stoo imejaa. Ilikuwa tupu. Shule zilikuwa zikikaribia kufunguliwa.

Walikuja asubuhi moja, kwenye lori dogo la kukodi, wamekaa juu ya magunia yao. Mkubwa wao alishuka wa kwanza. Hakusalimia mizani wala mtu. Akawaamuru vijana wa lori washushe mzigo mmoja tu, na mzigo wenyewe haukuwa mahindi. Ulikuwa mfuko wa saruji ya Tororo, mpya, haujafunguliwa, umeandikwa kilo hamsini ubavuni.

"Weka hapo," akasema.

Uliwekwa kwenye jukwaa. Watu wa sokoni walikuwa wamejaa mlangoni. Dada akausogeza mkono wa mizani, akalisukuma jiwe hadi hamsini, akaliachia. Mkono ukayumba, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena kidogo. Ukakaa, lakini juu ya mstari kwa unene wa ukucha.

Yule mwanamke mwembamba akainama kuutazama. "Umezidi," alisema.

"Saruji imelala kwenye mvua jana usiku kwa mkwe wangu," mkubwa wao akasema bila kugeuka. "Imekunywa maji. Toa, weka mahindi."

Wakaanza kushusha. Nilivua shati nikabeba pamoja na vijana. Dada alipima, na mkubwa wa kikundi alisimama upande wa pili wa mizani, uso karibu na mkono ule wa chuma, akisoma kila kipimo kwa sauti ya kwaya ili wenzake waliobaki juu ya lori wasikie. Hakumwamini bado, na hakuficha. Dada alirudia kila namba baada yake, kwa sauti hiyo hiyo, gunia baada ya gunia, na ndani mfanyakazi akawasha mashine.